SURA YA TISA: MOSHI WA MAGARI NA HEWA TUNAYOVUTA

1. Utangulizi

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba kitu hakiwezi kuungua pasipo hewa. Ulifunika mshumaa kwa gilasi, ukaona mwali ukififia na kisha kuzimika. Katika sura hii tutachunguza moto ambao hatuuoni kwa macho, yaani moto uwakao ndani ya injini ya gari. Tutaangalia vitu vitokavyo katika moto huo, mahali viendapo na madhara yake mwilini. Mwishoni tutajadili swali ambalo madereva na wakazi wa miji mingi duniani wanabishana juu yake: je, mwenye gari linalochafua hewa alipishwe fedha?

Fikiri kwamba umesimama Rwamishenye, mjini Bukoba, saa moja asubuhi. Mabasi madogo yanashusha abiria. Pikipiki zinangoja wateja. Lori lililojaa shehena limesimama kidogo, kisha dereva anakanyaga mafuta ili aondoke. Wingu jeusi linatoka katika bomba lake la moshi. Mama auzaye ndizi kando ya barabara anajifunika pua kwa upindo wa khanga. Wanafunzi waendao shule wanakohoa. Baada ya dakika moja lori halionekani tena, lakini watu wale bado wanauvuta moshi wake.

Moshi huo ni nini hasa? Kwa nini lori hili limetoa moshi mweusi, na lile lililolifuata halikutoa?

2. Jinsi mafuta yanavyoungua

Petroli na dizeli zimeundwa hasa kwa kaboni na haidrojeni. Mafuta hayo yanapoungua, huungana na oksijeni iliyomo hewani. Yakiungua kikamilifu, kaboni hugeuka kuwa kabonidayoksaidi, na haidrojeni hugeuka kuwa mvuke wa maji. Ili kilo 1 ya petroli iungue vizuri, injini huhitaji karibu kilo 15 za hewa.

Sasa fikiri juu ya jambo hili. Lita 1 ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Hata hivyo, ikiisha kuungua, hutoa kabonidayoksaidi yenye uzito wa kilo 2.3 hivi. Uzito huo wa ziada umetoka wapi? Umetoka katika oksijeni ya hewa. Kwa hiyo gari halitumii mafuta peke yake. Hutumia pia hewa ambayo sisi sote tunaivuta.

Hewa ikipungua ndani ya silinda, au mafuta yakizidi, sehemu ya kaboni haiungui yote. Kaboni hiyo hutoka ikiwa masizi. Jaribio lifuatalo litakuonyesha jambo hilo.

Jaribio la 1: Kuchunguza masizi

Vifaa: mshumaa, kibiriti, kisahani cheupe cha bati, koleo ndogo. Fanya jaribio hili mbele ya mwalimu.

Hatua:
(a) Washa mshumaa mahali pasipo na upepo.
(b) Shika kisahani kwa koleo, ukiweke juu ya mwali kwa umbali wa sentimita 20 hivi. Hesabu hadi 10. Kiondoe na ukitazame.
(c) Sasa shusha kisahani hadi kiguse katikati ya mwali wa manjano. Hesabu tena hadi 10. Kiondoe na ukitazame.

Uliona nini? Mara ya kwanza kisahani kilibaki cheupe au kilichafuka kidogo sana. Mara ya pili kilipata doa jeusi. Kisahani kilipoingia ndani ya mwali, kiliupoza na kuizuia kaboni isimalize kuungua. Kaboni hiyo ndiyo iliyobaki juu ya kisahani. Mshumaa ni ule ule. Kilichobadilika ni namna ulivyoungua.

Injini nayo ni hivyo hivyo. Magari mawili yaliyotengenezwa siku moja, yakatumia mafuta ya kituo kimoja, yaweza kutoa moshi usiolingana. Fundi mzoefu hutazama rangi ya moshi kabla hajafungua injini.

Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Huenda chujio la hewa limeziba, nozeli za dizeli zimeharibika, au gari limepakiwa shehena kupita kiasi.

Moshi wa buluu: oili inaungua ndani ya silinda. Mara nyingi ringi za pistoni zimelika.

Moshi mweupe mzito usiokoma: maji ya kupozea injini yanavuja na kuingia ndani ya silinda, au dizeli haiungui vizuri. Mvuke mwepesi unaoonekana asubuhi yenye baridi, kisha ukatoweka, si dalili ya ubovu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba gari lisilotoa moshi unaoonekana halitoi kitu chochote. Hatari nyingine hazina rangi.

3. Vitu vilivyomo katika moshi

(a) Kabonimonoksaidi. Gesi hii hutokea pale kaboni inapokosa oksijeni ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Himoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua oksijeni katika damu, huishika kabonimonoksaidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kwa sababu hiyo, usikae kamwe ndani ya banda au gereji iliyofungwa wakati injini inawaka.

(b) Masizi na chembe ndogo. Chembe zilizo hatari zaidi zina upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele wa mtu una upana wa mikromita 70 hivi. Chembe hizo hupita puani, hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu.

(c) Oksaidi za naitrojeni. Joto kali la injini huifanya naitrojeni ya hewa iungane na oksijeni. Gesi hizi huwasha njia za hewa na humzidishia taabu mtu mwenye pumu.

(d) Salfadayoksaidi. Gesi hii hutokana na salfa iliyomo katika mafuta. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kipimo cha dizeli kuwa na salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni.

Zamani kulikuwa na sumu ya tano, nayo ni risasi, ambayo ilichanganywa katika petroli ili injini isigonge. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuiondoa. Ilipofika mwanzo wa mwaka 2006 eneo hilo lilikuwa limeacha kuuza petroli yenye risasi. Nchi ya mwisho duniani kuacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Zingatia jambo moja hapa: dereva wa Bukoba hakuweza kuiondoa risasi kwa mikono yake. Ilibidi serikali na wenye viwanda vya mafuta wafanye kazi hiyo. Tutarudi kwenye jambo hili katika mjadala.

4. Moshi huenda wapi?

Jaribio la 2: Kupima uchafu juu ya majani ya mgomba

Katika Mkoa wa Kagera migomba ipo karibu kila mahali, na jani lake pana hupokea kila kianguacho kutoka hewani. Tutalitumia kama chombo cha kupimia.

Vifaa: vipande vitatu vya kitambaa cheupe vyenye ukubwa sawa, maji safi, bakuli tatu, kalamu, daftari.

Hatua:
(a) Ngoja hadi siku tatu zipite bila mvua. Ukipima baada ya mvua, majani yatakuwa yameoshwa.
(b) Pamoja na mwalimu, na kwa idhini ya wenye mashamba, chagueni migomba mitatu: mmoja ulio hatua 5 kutoka ukingo wa barabara kuu, wa pili hatua 50, na wa tatu hatua 200. Isiwe karibu na jiko la kuni. Msisimame barabarani.
(c) Lowesha kitambaa, kikamue, kisha futa upande wa juu wa jani, eneo lenye ukubwa wa kurasa mbili za daftari. Tumia kitambaa kipya kwa kila mgomba.
(d) Linganisha rangi za vitambaa vitatu. Kisha suuza kila kitambaa katika bakuli yake, uache maji yatulie.

Uliona nini? Uchafu wa rangi ya udongo, unaozama upesi chini ya bakuli, ni vumbi. Uchafu mweusi, unaoelea au kung'ang'ania kitambaani, yaelekea ni masizi. Andika matokeo yako kama ulivyoyaona, hata kama hayakufanana na ulivyotarajia.

Kwa nini tuliagiza kuepuka jiko la kuni? Kwa sababu kuni nazo hutoa masizi. Kama mgomba uko nyuma ya jiko, hutajua ni uchafu upi wa gari na ni upi wa kuni. Mwanasayansi huondoa kwanza sababu nyingine, ndipo aseme sababu ni hii.

5. Moshi na mwili wa mtoto

Keti kimya kwa dakika tano. Kisha hesabu unapumua mara ngapi kwa dakika moja. Mhesabie pia mtu mzima aliyepumzika. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 18 hivi kwa dakika. Mtoto hupumua mara nyingi zaidi. Kwa kulinganisha na uzito wa mwili wake, mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Tena mtoto ni mfupi, na pua yake iko karibu zaidi na mabomba ya moshi. Mapafu yake nayo bado yanakua.

Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani. Mwaka 2021 Shirika hilo lilishauri kwamba wastani wa chembe ndogo hewani kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita 1 ya ujazo.

Katika jiji la London, Uingereza, aliishi msichana aliyeitwa Ella Adoo-Kissi-Debrah. Nyumba yao ilikuwa karibu na barabara yenye magari mengi iitwayo South Circular. Ella alikuwa na pumu kali, akalazwa hospitalini mara nyingi. Alifariki Februari 2013, akiwa na umri wa miaka 9. Desemba 2020 ofisa wa serikali achunguzaye sababu za vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Hapo awali uamuzi wa namna hiyo haukuwahi kutolewa nchini Uingereza.

6. Miji na nchi zilivyojaribu kupunguza moshi

Mwezi wa Aprili 2019 London ilianza kutoza magari yachafuayo hewa katikati ya jiji. Oktoba 2021 eneo la tozo lilipanuliwa hadi kwenye barabara ile ya South Circular, na Agosti 2023 likaenea katika jiji zima. Gari dogo lisilofikia kipimo hulipa pauni 12.50 kwa siku. Lililofikia kipimo halilipi kitu. Madereva wengi walipinga. Walisema fundi bomba au mwuguzi wa zamu ya usiku hana fedha za kununua gari jipya. Wengine waliharibu kamera za kusoma namba za magari. Baadhi ya halmashauri zilikwenda mahakamani, lakini Julai 2023 zikashindwa. Jiji nalo lilitoa fedha za kuwasaidia wenye magari makuukuu kuyaacha.

Nchi jirani na Kagera zimefuata njia nyingine. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 15. Mwaka 2025 Rwanda ilianza kupima moshi wa magari na pikipiki kwa chombo, na mwenye gari hulipia kipimo hicho. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Tanzania haikatazi magari makuukuu, bali huyatoza ushuru wa ziada yanapoingizwa nchini. Tena mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, ikaongeza ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo atumiaye mafuta mengi hulipa zaidi. Lakini ushuru huo hauulizi kama mafuta yameungua vizuri au vibaya.

7. Mjadala: Nani alipe?

Tuchukulie kwamba darasa lako limewaalika watu wanne wa Rwamishenye kuzungumza juu ya tozo ya moshi. Soma maneno yao kwa makini.

Dereva wa basi dogo anasema: "Wanangu, moshi huo mimi ndiye niuvutaye zaidi, tangu alfajiri hadi usiku. Lakini gari si langu. Kila jioni ninapeleka hesabu kwa tajiri. Nikimwambia nozeli zimekwisha, hujibu tungoje mwezi ujao. Mkinitoza mimi, mtakuwa mmemkosa mwenye kuamua."

Mwenye gari anasema: "Nimenunua gari lililokwisha kutumika kwa sababu jipya siliwezi. Nililipa ushuru wa ukuukuu bandarini, na ninalipa ushuru katika kila lita. Tozo nyingine ikija, nitaongeza nauli, na mtakaolipa ni ninyi na wazazi wenu."

Fundi anasema: "Magari mengi yanayotoa moshi mweusi hayahitaji kutupwa. Yanahitaji chujio jipya, nozeli zilizopimwa, na oili kubadilishwa kwa wakati. Wapo pia wanaong'oa kile chombo cha kusafishia moshi kilichomo katika bomba, ambacho sisi mafundi hukiita masega, wakakiuza. Gari kama hilo hata likiwa jipya huchafua hewa."

Mama mwuza ndizi anasema: "Mimi sina gari, wala sijawahi kuagiza gari. Lakini mwanangu ana pumu, na dawa ninanunua mimi. Mnasema tozo itaanza siku fulani. Kwangu mimi ilianza zamani."

Kila mmoja amesema jambo lenye uzito. Kazi yako ni kutenganisha maneno yanayoweza kupimwa na yale yanayohitaji uamuzi wa haki. Maneno ya fundi yaweza kupimwa: pima moshi kabla ya matengenezo, upime tena baadaye. Maneno ya mwenye gari juu ya nauli yaweza kuchunguzwa kwa hesabu. Lakini swali la nani alipe haliwezi kujibiwa kwa chombo cha maabara peke yake. Ni swali la watu kuamua pamoja.

Hata hivyo, sayansi yaweza kutuonya juu ya uamuzi mbaya. Umri wa gari na uchafu wa moshi si kitu kimoja. Kwa jumla magari mapya huchafua kidogo, lakini gari la miaka 12 lililotunzwa laweza kuwa safi kuliko la miaka 6 lililong'olewa masega. Tukitoza kwa umri pekee, tutamwonea mtunzaji na kumwachia mharibifu. Tukitoza kwa kupima moshi wenyewe, dereva na mwenye gari watakuwa na sababu ya kutengeneza, na atakayetengeneza hatalipa. Kumbuka pia habari ya risasi: mambo mengine, kama vile ubora wa mafuta, hayako mikononi mwa dereva, wala si haki kumdai kwa hayo.

Na tusipotoza kitu? Gharama haitafutika. Itaendelea kulipwa na yule aliyesimama kando ya barabara.

8. Muhtasari

Mafuta yakiungua vizuri hutoa kabonidayoksaidi na mvuke wa maji. Yakiungua vibaya hutoa pia masizi na kabonimonoksaidi. Gesi nyingine zenye madhara hutokana na joto la injini na salfa ya mafuta. Chembe ndogo huingia ndani ya mapafu, na watoto hudhurika zaidi. Moshi hupungua kwa mafuta safi, matengenezo mema, na sheria inayopima moshi wenyewe.

9. Maswali

1. Eleza kwa nini kisahani kilipata doa jeusi kilipoingizwa ndani ya mwali.
2. Gari limechoma lita 20 za petroli kutoka Bukoba hadi Muleba na kurudi, na kuendelea na safari nyingine za siku. Limetoa kilo ngapi za kabonidayoksaidi?
3. Taja sababu mbili za moshi mweusi na sababu moja ya moshi wa buluu.
4. Kwa nini ni hatari kukaa ndani ya gereji iliyofungwa wakati injini inawaka, ingawa huoni moshi wala kusikia harufu?
5. Mwanafunzi mmoja alifuta jani la mgomba ulio nyuma ya jiko la kuni, kando ya barabara, akasema masizi yote ni ya magari. Kosa lake ni nini? Angefanyaje?
6. Kati ya watu wanne waliozungumza, chagua mmoja ambaye hukubaliani naye. Andika kwanza maneno yake yaliyo ya kweli, ndipo uandike jibu lako.

10. Kazi ya kufanya nyumbani

Zungumza na dereva au mwendesha pikipiki mmoja unayemfahamu. Mwamkie kwa heshima na umweleze unachojifunza. Mwulize: Chujio la hewa la chombo chake lilibadilishwa au kusafishwa lini? Nani huamua matengenezo, na nani huyalipia? Angekubali kulipa tozo ya moshi kama gari lililopimwa na kuonekana safi lisingetozwa kitu? Andika majibu yake kama alivyoyasema. Leteni majibu darasani, myahesabu, kisha mjadili mliyoyaona.